SOMO LA 14: KUTIA SIMU YA UPEPO KATIKA MOTOKAA

Natumaini mmekwisha kaa na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano kwa herufi kubwa: BETRI, FYUZI, WAYA, ANTENA, LESENI. Tutakutana nayo mara nyingi leo. Ukiyaona katika ukurasa huu usiyapite mbio. Yasome kwa sauti.

Redio uliyo nayo nyumbani ina masikio tu, mdomo haina. Inasikia kituo cha utangazaji, lakini wewe huwezi kukijibu. Leo tunasoma habari za redio nyingine, ambayo ina masikio na mdomo pia. Wazee wetu waliiita simu ya upepo. Madereva wa watalii huiita redio koli. Mimi nitatumia jina la wazee, kwa kuwa linaeleza vizuri kazi yake: ni simu isiyokuwa na waya kati ya msemaji na msikilizaji.

Huenda mmoja wenu akauliza: Ya nini, na kila mtu ana simu mfukoni? Swali zuri. Simu ya mfukoni hailii peke yake. Inategemea mnara. Pasipo na mnara, simu hiyo ni saa na tochi tu. Na bado ziko njia nyingi katika nchi zetu, hasa mbugani na nyikani, ambako mnara haufiki, au upo lakini umeme wake umekatika. Simu ya upepo hubeba mnara wake wenyewe: ndiyo ile antena iliyo juu ya gari. Tena, simu ya mfukoni husikiwa na mtu mmoja uliyempigia, na kama amelala, basi. Ukisema katika simu ya upepo, wote waliofungua mahali pale pamoja nawe wanakusikia. Ukiwa na mgonjwa nyuma ya gari na njia imekatika, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Jambo hili si geni. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit, huko Marekani, walitia redio katika motokaa zao, lakini askari waliweza kusikia tu. Ilipofika mwaka 1933, polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, walipata redio za kusikia na kusema. Huko Australia, fundi Alfred Traeger alitengeneza mwaka 1929 redio iliyopata umeme wake kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli, ili wakaao mbali waweze kumwita daktari. Hapa kwetu, madaktari wa ndege walioanza kazi Nairobi mwaka 1957 walitumia redio kuzungumza na hospitali za mbali. Kwa hiyo anayetia simu ya upepo katika Land Rover yake leo anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwanza kabisa, kabla ya spana na bisibisi, ni LESENI. Watu wengi huanza na duka, kisha huulizia leseni wakati chombo kimekwisha fungwa. Si utaratibu mzuri. Hewa ya redio ni kama barabara: wako wenye magari makubwa, wako wenye baiskeli, na kila mmoja ana upande wake. Ndege zina upande wao, polisi wana wao, meli zina wao. Ukisema mahali pasipo pako, unaweza kumziba rubani anayetafuta kutua. Kwa hiyo serikali hugawa masafa. Tanzania kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo watu huiita kwa herufi zake, TCRA. Kenya na Uganda nazo zina mamlaka zao. Nenda ofisini, ueleze una gari la namna gani, utasafiri wapi, na utazungumza na nani. Utapewa karatasi yenye namba. Namba hizo ndizo masafa yako, na fundi atazitia katika redio. Isome karatasi hiyo mwenyewe, usingoje kusomewa. Ina tarehe ya mwisho, na tarehe ikipita karatasi imekufa.

Redio zenyewe ni za namna mbili kubwa. Tazama herufi zilizoandikwa juu ya sanduku. Ukiona V, H, F, hiyo ni redio ambayo mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukiwa kati, mwanga unazuiwa. Kutoka gari hadi gari katika nchi tambarare utapata kilomita kadhaa, pengine kumi au ishirini, na ukiwa juu ya kilima utapata zaidi. Makampuni ya safari huweka chombo cha kupokezana juu ya mlima: gari la huku linasema, chombo kinapokea, kinarusha tena, gari la upande wa pili linasikia. Ukiona herufi mbili tu, H na F, hiyo ni redio ya masafa mafupi. Mawimbi yake hupanda juu mbinguni, hugonga tabaka la hewa yenye umeme, na kurudi chini mbali sana, hata mamia ya kilomita. Ni nzuri kwa nyika kubwa, lakini ni ghali zaidi, antena yake ni kubwa, na yahitaji kubadilisha masafa mchana na usiku, maana tabaka lile hubadilika jua linapotua. Mtu anayetaka kuzungumza na shamba lake lililo kilomita 8 haihitaji. Anunue ile ya herufi tatu na fedha inayobaki anunue matairi.

Haya, BETRI. Fungua boneti, usome kilichoandikwa juu ya betri. Motokaa ndogo nyingi zina volti 12. Malori, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli, zina volti 24, mara nyingi kwa betri mbili zilizoungwa pamoja. Redio nyingi za gari zimetengenezwa kwa volti 12. Ukiipa 24, itatoa moshi kabla hujasema neno. Kwa gari la volti 24 lazima kiwekwe kipunguza umeme kati ya betri na redio. Usichukue waya kutoka betri moja kati ya zile mbili ili upate 12. Wengine hufanya hivyo, na baada ya miezi michache betri moja imekufa na ya pili inachemka.

Umeme wa redio uchukuliwe kwenye betri yenyewe, si kwenye waya wa kiberiti cha sigara wala wa taa. Waya wa kiberiti ni mwembamba. Redio ya wati 25 ikisikiliza tu hunywa umeme kidogo, chini ya ampea 1. Ikisema, hunywa ampea 5 au 6. Redio ya wati 50 hunywa ampea 10 hadi 12, na ile ya masafa mafupi ya wati 100 hufika ampea 20. Kwa hiyo tumia waya wa shaba ulio mnene. Kwa redio ya wati 25 au 50, waya wa mraba wa milimita 4 unafaa. Mwambie muuzaji namba hiyo, kisha uisome juu ya waya kabla ya kulipa.

Waya mwekundu ni wa chanya, ambayo alama yake ni msalaba, +. Waya mweusi ni wa hasi, ambayo alama yake ni mstari, −. Chora alama hizo mbili katika daftari lako sasa. Mtu aliyezikosea alama hizi hakupata nafasi ya kusahihisha, maana chombo hakingoji. Katika magari mapya, usifunge waya mweusi kwenye kichwa cha betri kama pana kidude cha kupimia umeme hapo. Ufunge kwenye bodi ya gari, mahali pale pale ambapo waya wa hasi wa betri umefungwa na bolti.

Sasa nataka tukae kidogo katika neno la pili, FYUZI.

Fyuzi ni waya mdogo uliotiwa katika kioo au plastiki. Umeme ukizidi, waya huo huyeyuka na njia inakatika. Wengi hudhani fyuzi inalinda redio. La. Redio ina fyuzi yake nyuma. Hii ninayosema inalinda gari, na wewe uliyemo ndani yake. Fikiri waya mwekundu unaotoka kwenye betri, unapita karibu na injini, unapenya bati linalotenga injini na dereva. Bati lile lina ukingo mkali. Gari hutikisika katika njia ya mawe, siku baada ya siku, na ukingo unakula ngozi ya waya. Siku moja shaba inagusa bati. Betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla. Waya unakuwa mwekundu kama kaa la moto, na karibu yake pana mpira, mafuta na plastiki. Nimeona gari lililoungua kwa njia hiyo. Redio yake ilikuwa nzima. Fyuzi ilikuwapo pia, imefungwa chini ya dashibodi karibu na redio, mita mbili kutoka kwenye betri, na zile mita mbili za kwanza hazikuwa na ulinzi wo wote.

Kwa hiyo fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja. Pima kwa mkono wako. Na namba yake uisome: kwa redio ya wati 25, fyuzi ya 10, kwa ile ya wati 50, fyuzi ya 15, au ile iliyoandikwa katika kitabu cha redio. Ikiungua, tafuta sababu kwanza, kisha weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke 30 kwa sababu dukani ilikuwapo hiyo tu. Na usifunge karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama tulivyozoea kuona njiani. Pale waya unapopenya bati, tia kipete cha mpira katika tundu, ili waya ukae ndani ya mpira. Kipete hicho ni cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa leo.

Kuna hesabu moja hapa, iandikeni. Redio ikiachwa wazi, inasikiliza, na kunywa nusu ya ampea kwa saa moja. Siku moja ina saa 24. Nusu ya 24 ni 12. Betri ya gari dogo ina ampea-saa 60 hivi ikiwa mpya na imejaa. Gawa 60 kwa 12, unapata 5. Yaani, ukiliacha gari siku tano na redio iko wazi, betri imekwisha kabisa, na kwa kweli injini itakataa kuwaka mapema zaidi, labda siku ya tatu. Izime unaposhuka, au mwombe fundi atie swichi.

ANTENA ndiyo nusu ya redio. Mimi nasema ni zaidi ya nusu. Redio ya bei ndogo yenye antena nzuri itaishinda redio ya fahari yenye antena mbovu. Urefu wake hautokani na mapenzi ya mwenye gari. Unatokana na masafa yaliyoandikwa katika leseni. Chukua namba 75, uigawe kwa megahezi zako, jibu ni urefu katika mita. Masafa yakiwa megahezi 150, 75 kwa 150 ni nusu mita, yaani sentimita 50. Fundi ataipunguza kidogo, kama sentimita mbili au tatu. Lakini kwa masafa mafupi ya megahezi 5, 75 kwa 5 ni mita 15. Gari gani litabeba fimbo ya mita 15? Ndiyo maana antena za masafa mafupi huviringishiwa waya ndani yake, ili fimbo fupi ifanye kazi ya ndefu. Haifanyi vizuri kama ile ndefu yenyewe, na ndiyo maana wengine wakisimama kambini hutundika waya mrefu mtini.

Mahali pazuri pa antena ya sentimita 50 ni katikati ya paa. Bati la paa ni mwenzake. Mawimbi yanalitegemea pande zote. Ukiifunga ukingoni, itasema vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Fundi atashusha kitambaa cha paa, atatoboa tundu kwa keekee, atakwangua rangi kwa ndani mpaka bati ling'ae, kisha atakaza nati. Rangi ikibaki, antena haigusi bati, na kazi yote ni bure. Nje atatia mpira ili mvua isiingie.

Najua wengi wenu hamtapenda kusikia habari ya kutoboa paa. Iko antena yenye sumaku chini yake, unaiweka tu juu ya bati nayo inashika. Ni nzuri, ila sikilizeni: bodi za Land Rover za zamani, na za Defender zilizofuata, ni za aluminiamu, na sumaku haishiki aluminiamu. Kuna mtu alinunua antena ya sumaku mjini akaitia katika kikapu, akaenda nayo safari ya siku nzima mpaka nyumbani, akaiweka juu ya paa la Land Rover yake, ikateleza kama kikombe juu ya meza. Chukua sumaku ndogo ujaribu kwanza. Na kama unapita njia za migunga, chagua fimbo inayopindika, maana matawi hayatazami leseni.

Kutoka antena hadi redio kuna waya wa namna yake: shaba katikati, plastiki nyeupe, kisha wavu wa shaba, kisha ngozi nyeusi. Usiubane katika mlango. Usiupinde kwa pembe kali. Ukipondeka, kwa nje utaonekana mzima, lakini ndani umekwisha haribika.

Kabla ya kusema neno la kwanza, fundi apime. Ana mita ndogo anayoifunga kati ya redio na antena. Mita hiyo huonyesha nguvu inayorudi. Ukimwaga maji katika mfereji ulioziba, yanakurudia miguuni. Antena isiyo na urefu wake hurudisha nguvu ndani ya redio vivyo hivyo. Sindano ikionyesha 1.5 au chini yake, vizuri. Ikionyesha 2, yavumilika. Ikifika 3, zima, tafuta kosa. Simama karibu na fundi uisome sindano wewe mwenyewe kabla ya kumlipa. Na usibonyeze kitufe cha kusema hata mara moja kama antena haijafungwa. Redio yaweza kufa.

Redio yenyewe ifungwe mahali ambapo mkono unaifikia bila macho kuiacha njia, lakini isiwe mbele ya mfuko wa hewa wa gari jipya. Mfuko ule ukifumuka katika ajali, redio iliyo mbele yake itakuwa jiwe la kombeo. Injini ya petroli ikitia kelele za ta-ta-ta katika spika, tazama waya za plagi. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini watoka kwenye alteneta. Mara nyingi dawa yake ni kukaza waya mweusi.

Sasa kusema. Bonyeza kitufe, ngoja kidogo, ndipo useme. Ukisema papo hapo, neno lako la kwanza halitasikika, na pengine neno hilo ni jina lako. Ukimaliza sema "ova", kisha achia. Usipoachia, husikii, na umewaziba wengine wote. Tena usipige kelele. Umbali haupungui kwa kelele. Sauti inapasuka tu. Someni mazungumzo haya darasani, mmoja awe Kituo na mmoja awe Gari.

GARI: Kituo, Kituo. Hapa ni Gari la Tatu. Ova.

KITUO: Gari la Tatu, hapa ni Kituo. Nakusikia vizuri. Sema. Ova.

GARI: Nimezama matopeni, kilomita 12 kutoka zahanati, moja, mbili, njia ya kisimani. Nina mama mjamzito. Uchungu umeanza saa 10 alfajiri. Naomba trekta, na mkunga aje pamoja nalo. Ova.

KITUO: Nimepata. Kilomita moja, mbili, njia ya kisimani. Mama ana uchungu tangu saa 10 alfajiri. Trekta na mkunga. Je, sawa? Ova.

GARI: Sawa. Redio yangu iko wazi. Ova.

Angalieni mambo mawili. Gari lilisema mahali lilipo kabla ya kusema shida, kwa kuwa sauti ikikatika hapo, wenzake wanajua pa kwenda. Na Kituo kilirudia yote, namba kwa namba. Kumi na mbili na kumi na mbili na nusu husikika karibu sawa katika spika mbovu, na trekta likienda njia ya pili, litapotea saa nzima.

Mambo machache yaliyobaki. Usibonyeze kitufe cha kusema unapotia petroli. Usiseme karibu na machimbo ambako baruti hulipuliwa kwa umeme. Pakiwa na kibao kinachokataza redio, zima kabisa. Mtu asiishike antena wakati unasema, hasa watoto, maana inaunguza. Na kama gari ni la ndugu wawili au la kijiji, kila dereva ajifunze, hata yule anayesema yeye kazi yake ni usukani tu.

Kazi ya nyumbani. Kwanza, leseni inasema megahezi 25: antena ya fimbo iwe mita ngapi? Tumia namba 75. Pili, nenda kwa gari lo lote lililo karibu, uombe ruhusa, fungua boneti, uandike volti za betri na namba tatu za fyuzi utakazoziona. Tatu, andika ujumbe wa sentensi nne ambao ungeusema kama gari lingeharibika njiani ukiwa na mgonjwa, ukianza na mahali ulipo. Leteni daftari juma lijalo, saa ile ile. Kwa herini.